Bawabu na Daftari

Saa mbili asubuhi Lamara alinipigia simu,
sauti imejikunja kama risiti ya mwaka juzi:
"Geronti, mwanangu, nadhani nimeanza kusahau."
Miaka arobaini na mmoja anapima kina cha Rioni
kwa ufito wa mistari myekundu na myeupe,
kisha huzituma namba Tbilisi kwa barua pepe
kabla chai yake haijapoa.
Muulize mto ulifika wapi siku ya harusi ya dada yako, atakuambia.
Siku ya nne hii seva inamjibu: nywila si sahihi.

Nami, Mungu anisamehe, nilishampa majibu ya watu wa fani yangu.
Angalia herufi kubwa, mama.
Angalia kibodi isiwe ya Kirusi.
Andika polepole.
Labda umesahau.
Neno hilo nililitema jepesi, kama ganda la alizeti.

Hodi na karibu, ukisikia, zimekaribiana.
Lakini katikati yake pana ushoroba mrefu:
mgeni hutaja jina, huulizwa siri,
siri hupelekwa kwa bawabu,
bawabu hufungua daftari, hulinganisha, hukohoa.
Ushoroba huo niliujenga mimi, Ijumaa usiku,
nilipoihamisha seva kutoka ile mashine kuukuu
iliyokuwa ikihema vumbi chini ya ngazi.

Nikaketi na kumbukumbu za mfumo.
Mistari mia tatu, yote kwa uso mkavu wa karani wa posta:
imeshindikana,
imeshindikana,
saa nane na dakika kumi na nne usiku, imeshindikana.
(Saa nane usiku! Kumbe alikuwa halali.)
Nikabadilisha cheti cha usalama.
Nikasawazisha saa.
Nikazima, nikawasha,
dua ya asiyejua aombe nini.

Mwisho nikairuhusu seva iandike kila kitu.
Hapo nikaliona.
Neno lake la siri, herufi kwa herufi, kwenye skrini yangu,
kama mtu aliyekutwa akivaa.
Sitalitaja. Si jina la mbwa.
Ni jina la mtu, na mwaka,
na sentimita za mto siku hiyo.
Mara kumi na moja aliliandika,
mara kumi na moja hakukosea hata nukta.

Basi nikamgeukia bawabu.
Daftari lilikuwa kabatini,
na ufunguo nilimwachia mwenye nyumba peke yake.
Siku nne maskini anapapasa kitasa gizani,
na kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kusema "sioni",
akawa anasema "umekosea".

Sita, nne, sifuri: ruhusa ya kusoma, basi.
Amri fupi kuliko jina langu.
Nikafuta mistari yenye siri yake,
nikafuta na nakala,
nikanawa mikono, sijui kwa nini.

"Kosa lilikuwa langu," nikamwambia.
"Wewe hukusahau kitu."
Akanyamaza kidogo, kisha akacheka kicheko cha mtu anayeketi
baada ya kusimama muda mrefu.
Namba za siku nne alikuwa amezihifadhi
nyuma ya kalenda ya duka la dawa;
akanisomea zote, ingawa sikuziomba.
Alhamisi mto ulipanda.

Nikavuta pumzi.
"Ila, mama, bora ubadilishe hilo neno la siri."
"Kwa nini, mwanangu,
kama sikukosea?"

Dirishani mwangu theluji ilikuwa ikiyeyuka, tone, tone.
Nimesoma mistari mia tatu ya makosa asubuhi moja,
na hapa nimeshika simu,
natafuta mstari mmoja wa kumjibu.